Mapigo ya moyo yanapovurugika: tuchague kipimo gani?

Siku hizi si ajabu kumwona mzee wa kijijini amevaa mkononi saa inayowaka taa ya kijani, aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam au ng'ambo. Ukimwuliza saa hiyo ni ya nini, atakujibu, "Inapima moyo wangu." Ni jambo la kushukuru kwamba watoto wanawakumbuka wazazi wao. Lakini swali linabaki: je, saa ile inapima nini hasa? Na fedha iliyotumika, ingeweza kumsaidia mzee zaidi kwa njia nyingine?

Katika somo la mwezi huu tutazungumza juu ya ugonjwa wa moyo unaopiga bila mpangilio, na vipimo vinavyotumika kuutambua. Somo ni refu kidogo. Lisomeni pamoja nyumbani, maana mgonjwa peke yake hawezi kuyakumbuka yote.

MOYO NA MDUNDO WAKE

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu na viwili vya chini. Vyumba vya juu hupokea damu na kuisukuma chini, na vile vya chini huisukuma kwenye mapafu na mwilini kote. Kazi hiyo huongozwa na kituo kidogo cha umeme kilicho katika chumba cha juu cha kulia. Kituo hicho kikitoa amri, vyumba vyote hufuata kwa zamu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, kwa mdundo ulio sawa kama wa wanawake wawili wanaotwanga mpunga kwa zamu katika kinu kimoja.

Katika ugonjwa tunaouzungumzia, vyumba vya juu haviisikii tena amri moja. Umeme hutokea huku na huko, mara 350 hata 600 kwa dakika, na kuta za vyumba hivyo hutetemeka tu badala ya kusukuma. Vyumba vya chini hupokea amri ovyo ovyo: mara haraka, mara polepole. Mdundo unakuwa kama matone ya mvua yanayoanza kuanguka juu ya bati, hayana hesabu. Madaktari huuita atriali fibrilesheni, na kwenye cheti chako utaona herufi mbili tu: AF.

Wengine huhisi moyo unapepea kama ndege aliyenaswa, huchoka upesi, hukosa pumzi wapandapo kilima au walimapo, hupata kizunguzungu. Wengine hawahisi kitu chochote. Hao wasiohisi wamo hatarini sawasawa na wenzao.

KWA NINI NI HATARI

Maji yanayotembea mtoni ni safi, bali yaliyotuama kwenye dimbwi huota utando. Damu nayo ikituama huganda. Katika chumba cha juu cha kushoto kuna kimfuko kidogo kama sikio. Chumba kinapotetemeka bila kusukuma, damu hutuama humo na kufanya bonge. Bonge hilo likiondoka na kupanda kwenye ubongo, huziba mshipa, na mtu hupata kiharusi: uso unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, maneno yanapotea.

Utafiti wa miaka mingi katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mwenye AF hupata kiharusi takriban mara 5 zaidi ya asiye nayo. Kama AF imefuatana na vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, hatari hiyo hupanda hadi takriban mara 17.

Kiharusi si ugonjwa wa wazungu wala wa matajiri. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipatikana kama 109 kwa kila watu 100,000 katika eneo la Hai, na kama 316 kwa kila watu 100,000 katika eneo la Dar es Salaam. Si wote walioupata kwa sababu ya AF. Shinikizo la damu ndilo kubwa zaidi. Lakini kiharusi kitokanacho na AF mara nyingi huwa kizito, na kinaweza kuzuiwa endapo ugonjwa utajulikana mapema.

KWETU UNATOKA WAPI?

Huko Ulaya AF ni ugonjwa wa uzee. Kati ya waliopita miaka 80, takriban mmoja katika kila kumi anao. Kwetu hali ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa wilayani Hai kwa wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, ulikuta AF kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia.

Je, maana yake sisi tumesalimika? Hapana. Utafiti mwingine wa nchi 47, uliochapishwa mwaka 2014, uliangalia wagonjwa wa AF waliofika hospitalini. Wa Afrika walikuwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya na Amerika, tena kwa miaka kama kumi. Na zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, wakati Amerika ya Kaskazini walikuwa wawili hivi tu katika kila 100.

Kwa hiyo hapa kwetu tusimtazame babu peke yake. Tumtazame pia mama wa miaka 35 anayehema akibeba ndoo ya maji, ambaye utotoni alikuwa akiumwa koo na viungo kuvimba. Sababu nyingine ni shinikizo la damu la muda mrefu, moyo uliotanuka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, unywaji wa pombe nyingi, hasa gongo, na maambukizi makali kama nimonia.

KIPIMO CHA KWANZA: VIDOLE VYAKO

Kabla ya kununua chochote, kila familia ijifunze kipimo hiki kisicho na gharama.

1. Mgonjwa akae ametulia kwa dakika tano. Asiwe ametoka kufanya kazi, kunywa kahawa au kuvuta sigara.

2. Geuza kiganja chake juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, kwa maana lina mapigo yake lenyewe na litakudanganya.

3. Hesabu kwa dakika moja nzima, ukitumia saa yenye mshale wa sekunde au simu.

4. Usihesabu tu, sikiliza mpangilio. Je, mdundo ni sawa? Je, unaruka pigo moja moja kisha unaendelea vizuri? Au hauna mpangilio wowote, mapigo mengine yana nguvu na mengine dhaifu?

Mtoto au kijana mdundo wake unaweza kwenda haraka kidogo akivuta pumzi na polepole akiitoa. Hilo ni jambo la kawaida. Pigo moja la ziada mara chache nalo huwapata watu wengi. Lakini mdundo usio na mpangilio wowote, uliorudiwa kupimwa siku mbili tatu ukawa vilevile, ni sababu ya kutosha kwenda hospitali. Andika kwenye daftari tarehe, saa, idadi ya mapigo, na neno "sawa" au "ovyo". Daftari hilo mpelekee mganga.

Vidole vinaweza kushuku, lakini haviwezi kuthibitisha. AF huthibitishwa kwa karatasi ya umeme wa moyo tu.

VIPIMO VYA HOSPITALI

ECG. Hiki ni kipimo cha umeme wa moyo. Mgonjwa hulala, hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache mashine huchora mistari kwenye karatasi. Hakiumi, wala umeme hauingizwi mwilini. Mashine husikiliza tu umeme wa moyo wenyewe. Willem Einthoven wa Uholanzi alipotengeneza chombo chake mwanzoni mwa karne ya 20, kilikuwa na uzito wa kama kilo 270, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo mashine ya namna hiyo hubebwa mkononi. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina. Ulizeni katika vituo vikubwa na hospitali, kama Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara.

Eko. Hiki ni kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, kama kile cha kumwona mtoto tumboni. ECG huonyesha mdundo, bali eko huonyesha vali na ukubwa wa vyumba. Kwa mgonjwa wa kwetu mwenye AF kipimo hiki ni cha lazima, na sababu tutaiona mbele.

Holter. Kimepewa jina la Mmarekani Norman Holter, ambaye chombo chake cha kwanza alikibeba mgongoni kikiwa na uzito wa kilo 38 hivi. Sasa ni kama kisanduku kidogo kinachoning'inia shingoni au kiunoni, na nyaya kifuani. Huvaliwa saa 24 au 48, kikiandika kila pigo. Vipo pia vibandiko vya kifuani vya kuvaliwa hadi siku 14. Hivi hufaa kwa mtu ambaye moyo wake huvurugika na kutulia, kiasi kwamba akifika hospitali karatasi inaonyesha hana kitu.

Kifaa cha chini ya ngozi. Ni kidogo kama njiti, hupachikwa kifuani na daktari na kukaa miaka kadhaa. Ni cha gharama kubwa, na huwafaa wachache, mathalani mtu anayezimia bila sababu kujulikana.

VIFAA VYA NYUMBANI

Mashine ya presha yenye kutambua AF. Mashine nyingi za presha za kutumia betri huonyesha alama ya moyo mapigo yasipokuwa sawa. Chache, kama baadhi za Microlife, zimetengenezwa hasa kushuku AF baada ya kupima mara tatu mfululizo. Kwa familia yenye mgonjwa wa presha, kifaa hiki hufanya kazi mbili kwa fedha moja. Hakihitaji simu wala intaneti. Lakini nacho hushuku tu. Hakitoi karatasi ya umeme wa moyo.

Kifaa cha vidole. Ni kibao kidogo ambacho mgonjwa hukishika kwa vidole vya mikono miwili kwa sekunde 30, na mistari ya umeme wa moyo huonekana kwenye simu. KardiaMobile ndicho kinachojulikana zaidi. Ng'ambo kile cha kawaida huuzwa chini ya dola 100 za Marekani. Faida yake ni kwamba mstari halisi unahifadhiwa na daktari anaweza kuusoma. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji simu janja, na huandika wakati tu unapokishika. Mikono yenye sugu za jembe, iliyokauka, hufanya mstari uwe na mikwaruzo. Lowanisha vidole kidogo, kaa kimya, usitikisike.

Saa ya mkononi. Saa hizi humulika ngozi kwa taa ya kijani na kukisia mapigo kwa jinsi damu inavyopita. Baadhi pia zina sehemu ya kugusa kwa kidole ili kuchora umeme wa moyo. Uzuri wake ni kwamba hufuatilia muda mrefu. Lakini zinahitaji kuchajiwa mara kwa mara, jambo gumu pasipo na umeme, na hukosea mkono unapotikisika kazini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 uliohusisha watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa ya Apple, walioonywa walikuwa kama watano katika kila 1,000. Miongoni mwao waliovalishwa kibandiko baadaye na kukirudisha, takriban mmoja katika kila watatu alionekana na AF katika siku hizo.

Kifaa cha kubana kidole. Hiki hupima oksijeni na idadi ya mapigo. Kisinunuliwe kwa ajili ya AF.

BASI TUCHAGUE KIPI?

Jibu hutegemea swali unalotaka kujibiwa. Tutazame hali tano.

Hali ya kwanza: mdundo ni ovyo kila unapopimwa. Hii ndiyo hali ya wagonjwa wetu wengi wenye vali mbovu. Usinunue kitu. ECG moja ya hospitali itatoa jibu, kisha eko ifuate. Fedha ya kifaa itumike kwa nauli na vipimo hivyo.

Hali ya pili: moyo huvurugika kisha hutulia, mara kadhaa kwa wiki. Hapa kifaa cha vidole kinaweza kusaidia sana, kwa kuwa mgonjwa atakishika wakati uleule moyo unapopepea. Mstari wa sekunde 30 unaoonyesha AF, ukisomwa na daktari, unatosha kuthibitisha. Kama hakuna simu janja nyumbani, omba Holter.

Hali ya tatu: huvurugika mara moja kwa mwezi au chini ya hapo, na mtu huzimia. Hii ni kazi ya daktari bingwa. Kifaa cha nyumbani kisiwe sababu ya kuchelewa.

Hali ya nne: ugonjwa umekwisha thibitishwa. Kuuthibitisha tena kila siku hakuna faida. Kinachotakiwa ni kujua kama kasi ya moyo imepungua kwa dawa, na presha ikoje. Vidole na mashine ya presha vinatosha. Kwa kuwa mapigo hayalingani, presha ipimwe mara tatu na kuchukuliwa wastani.

Hali ya tano: mtu mzima wa afya, hana dalili, anataka tu kujua. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, au mwenye presha au kisukari, ashikwe mapigo kila aendapo kliniki. Kijana mwenye afya hahitaji kifaa. Kutafuta sana si lazima kuwe kuponya sana. Huko Denmark watu zaidi ya 6,000 wenye miaka 70 hadi 90 waliingizwa katika utafiti uliotolewa matokeo mwaka 2021. Waliopachikwa kifaa cha chini ya ngozi waligunduliwa AF mara tatu zaidi ya wenzao, lakini viharusi havikupungua kwa kiasi cha kuaminika.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtoto aliye mbali akipiga simu kusema, "Mama, nakununulia saa ya moyo," mjibuni kwa shukrani, kisha mjiulize pamoja:

1. Nani atausoma mstari huu? Kama hakuna mganga aliyekubali kuupokea, kifaa ni pambo.

2. Je, kinachora umeme wa moyo, au kinakisia kwa taa tu?

3. Simu iliyopo nyumbani inakubaliana nacho? Katika baadhi ya saa, kazi ya umeme wa moyo hufunguliwa kwa nchi fulani tu. Aulizie huko kabla ya kununua.

4. Kitachajiwa wapi? Betri yake inapatikana dukani?

5. Kimeidhinishwa kama kifaa tiba? Hapa nchini wenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Saa za bei ndogo zinazotangazwa kupima presha, sukari na moyo kwa pamoja ziepukwe.

6. Baada ya kukinunua, fedha ya nauli, dawa na vipimo vya damu itabaki?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 anayeishi Mngeta, ambaye amekwisha thibitishwa AF. Watoto wamechanga fedha ya saa. Lakini mama huyo anahitaji kwenda hospitali kila mwezi kupimwa damu, na miezi miwili sasa hakwenda kwa kukosa nauli. Saa itamwambia kila asubuhi kwamba moyo wake unapiga ovyo, jambo alijualo. Nauli ndiyo itakayomkinga na kiharusi. Watoto wenye upendo na wachague nauli.

KIPIMO SI DAWA

Mwenye AF huhitaji mambo mawili: dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprololi au digoksini, na, kwa wengi, dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari huamua nani anaihitaji kwa kutazama umri, presha, kisukari, kiharusi cha zamani na hali ya vali.

Hapa ndipo eko inapokuwa ya lazima. Zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hilo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wote wenye AF na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki. Waliotumia dawa ya zamani, warfarini na jamii yake, walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo ndugu aliye Ulaya asikutumie dawa mpya kwa sababu jirani yake anaitumia. Kwanza vali zako zijulikane.

Warfarini ni dawa nzuri, ila ina masharti. Ikizidi, mtu hutoka damu. Ikipungua, damu huganda. Kipimo cha damu kiitwacho INR huonyesha kiasi chake. Kwa wengi wenye AF hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Wenye vali ya bandia ya chuma huwekewa kiwango kingine. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, baadaye kama mara moja kwa mwezi. Mambo ya kukumbuka:

• Meza saa ileile kila siku. Ukisahau siku moja, usimeze mara mbili siku inayofuata.

• Kila uendapo duka la dawa, sema kwanza, "Ninatumia warfarini." Septrin, Flagyl, siprofloksasini na flukonazo huiongezea nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa huipunguzia. Asprini na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu.

• Matembele, mchicha, kisamvu na majani ya maboga hayakatazwi. Yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo, kwa hiyo yale kwa kiasi kilekile kila wiki. Usiache mwezi mzima kisha ule kwa wingi.

• Dawa za miti shamba usichanganye bila kumwambia daktari. Yeye hatakugombeza, anahitaji kujua.

• Mwanamke anayetarajia kupata mimba, au aliyekosa siku zake, amwone daktari mara moja, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe.

• Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma, au umegonga kichwa, nenda hospitali bila kusubiri.

Wenye vali zilizoharibika sana huweza kuhitaji upasuaji au kutanuliwa vali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inafanya kazi hiyo. Ombeni barua ya rufaa na mchukue karatasi zote za ECG na eko.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mwambie mtu acheke, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Uso ukipinda, mkono mmoja ukianguka, au maneno yakichanganyika, hicho ni kiharusi. Si upepo mbaya, wala hajalogwa. Tazama saa na ukumbuke ni lini alionekana mzima mara ya mwisho. Usimpe chakula, maji wala asprini, kwani anaweza kupaliwa, na huenda ni mshipa uliopasuka. Saa za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa ya msaada. Wa Ulanga na Malinyi zamani walingoja kivuko mtoni. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, mto si kisingizio tena. Wa bonde la juu, Mlimba na Mngeta, wapange kabla ya masika ni gari la nani litaitwa usiku.

Vilevile usingoje kama mapigo yamezidi 120 mtu akiwa ametulia, au kama ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi akilala, au amezimia.

TUANZE NA WATOTO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe huanzia kooni mwa mtoto. Mtoto mwenye maumivu ya koo na homa, hasa wa miaka 5 hadi 15, apelekwe zahanati. Akipewa dawa ya jamii ya penisilini, aimalize. Akivimba viungo vikihama kutoka goti hadi kiwiko, msimkande tu kwa maji ya moto, apimwe moyo. Aliyekwisha pata homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mzazi anayehesabu tarehe za sindano hiyo anamkinga mwanawe na AF ya miaka 30 ijayo, kwa gharama ndogo kuliko saa yoyote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kila mmoja ampime jirani yake mapigo kwa dakika moja. Je, mnaweza kutofautisha mdundo ulio sawa na ulio ovyo?

2. Nani katika jumuiya yetu anatumia warfarini? Amekosa kipimo cha damu kwa miezi mingapi, na tunaweza kumsaidiaje nauli?

3. Mtu akipata kiharusi leo usiku katika kijiji chetu, gari litatoka wapi, na nani ana namba ya dereva?

4. Ni mtoto yupi kati yetu anayechomwa sindano ya penisilini, na tarehe yake ijayo ni lini?